Alama ya Pili ya Chaki

Baba aliuza bunduki yake mwezi uliopita, lakini sefu yake imebaki gerejini, imekazwa ukutani kwa boliti nne nene, na hakuna anayetaka kuhangaika kuing'oa. Mama amekwisha kuipangia kazi: ataweka humo unga na mchele, maana panya wa Toongabbie, kitongoji chetu huku Sydney, anasema, hawaogopi hata paka. Jumamosi alinituma niifute ndani. Nilipovuta mlango, harufu ya mafuta ya bunduki ikanipiga usoni, tamu na kali kwa pamoja, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi kando ya jiko la mafuta ya taa. Nilisimama na kitambaa changu mkononi nisifute kitu. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa namwonea wivu mdogo wangu.

Mimi ndiye kifungua mimba. Nyumba nzima inaniita Dada, hata Mama, na jina langu la cheti hulisikia kwa daktari tu. Tulihama Tanga kuja Australia nikiwa darasa la pili, na hapo ndipo Kiswahili changu cha shule kilipokatika, kwa hiyo naandika polepole, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Mdogo wangu Rukia alikuja huku hajaanza shule. Kiswahili anakisikia chote, lakini siku zile ukimwambia neno, jibu lilikuja kwa Kiingereza, upesi, kama mpira uliogonga ukuta.

Mimi nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Wageni wakija nilileta sinia, nikaamkia, nikainamisha macho, nikarudi jikoni. Nyuma yangu niliwasikia wakimwambia Mama, "Huyu mkubwa ana adabu, mashaallah. Utadhani hajatoka Tanga." Rukia hakusifiwa hivyo hata siku moja. Kuhusu Rukia waliuliza tu, "Na huyu je?" Naye Mama alipumua, akasema, "Huyo ni wa baba yake."

Watu wazima husema maneno kama hayo bila kujua yanatua wapi. Mimi niliyachukua yalivyo. Nikajua kwamba Rukia ni wa Baba, na kwamba mimi, pamoja na adabu zangu zote, si wa Baba.

Bunduki yenyewe ilikuja kwa sababu ya mbuzi. Baba alikuwa akiendesha folklifti, gari la kunyanyulia mizigo ghalani, zamu za usiku, na rafiki yake Athumani, Mmombasa tuliyemwita Ami ingawa hatukuchangia naye hata babu, alimjua mkulima mmoja ng'ambo ya milima ambaye malisho yake yalikuwa yakimalizwa na mbuzi mwitu. Mkulima yule alimfurahia kila aliyekuja kuwapunguza. Baba, ambaye babu yake aliwinda Handeni kwa gobore, akasomea leseni, akafanya mtihani, akangoja miezi, akaipata. Tangu hapo, kila baada ya wiki kadhaa, yeye na Ami Athumani waliondoka alfajiri kwa pikapu, wakapiga kwa bismillahi, wakawahi kuchinja, wakarudi na nyama ambayo iligawiwa mpaka kwa watu wa kitongoji cha Blacktown tusiowajua majina.

Jioni ya kuamkia safari ndiyo ilikuwa saa ya bunduki. Baba alitandika mkeka mkongwe juu ya meza ya gerejini, akaifungua vipande, akavipanga kwa safu kama Mama anavyopanga samaki wa kukaanga, akavisafisha kimoja kimoja, kisha akaiunga tena. Risasi hazikuwapo pale. Zilikuwa na sanduku lake na kufuli yake, na hazikutoka humo mpaka shambani. Lakini hata hivyo, bunduki ikishaungwa haikurudi sefuni mpaka itazamwe, na itazamwe na watu wawili. Hiyo haikuwa sheria ya serikali. Ilikuwa sheria ya Baba, na aliishika kama swala.

Aliichomoa bolti, kile chuma kinachoteleza nyuma ya mtutu, akaielekeza bunduki kwenye ukuta mweupe uliomulikwa na taa, akachungulia kupitia mtutu kutoka nyuma. Mtutu ukiwa safi, mwishoni mwake unaona duara dogo la mwanga. Baba aliliita mwezi. Kisha alimwita mtu wa pili. "Mwezi wa Idi hautangazwi kwa shahidi mmoja," alisema, naye alijua alisemalo, maana kila mwaka watu wetu huku Sydney waligombana kuhusu nani ameuona mwezi na nani ameuota.

Mtu wa pili hakugusa kitu. Sheria haikumruhusu, na Baba hakuiachia bunduki hata kwa kufumba na kufumbua. Kazi ya mtu wa pili ilikuwa macho na mdomo. Alisimama mikono ikiwa nyuma, akafumba jicho moja, akatazama ndani ya mtutu, akatazama na chemba ambamo risasi hukaa, kama kweli ni tupu. Baba akauliza, "Mwezi umetoka?" Akajibiwa. Ndipo bolti iliporudishwa, kitasa cha usalama kikajaribiwa kama kinashika, na bunduki ikafungiwa. Mwisho Baba alichora mstari mmoja wa chaki kwenye mlango wa sefu, akampa chaki mtu wa pili, naye akachora wa kwake kando. Mistari miwili, bunduki inaweza kutoka kesho. Mstari mmoja, haitoki.

Mtu wa pili alikuwa Rukia. Alikuwa na miaka tisa.

Mimi nilipewa mkasi. Kazi yangu ilikuwa kukata fulana na mashati ya zamani kuwa vipande vidogo vya mraba, vile ambavyo Baba alivichomeka kwenye ncha ya ufito na kuvipitisha ndani ya mtutu. Nilivikata sawasawa, kwa rula, nikavipanga ndani ya kopo la biskuti. Nikampelekea kopo, nikampelekea na chai. Alisema, "Ahsante, Dada, Mungu akubariki," bila kuinua kichwa. Halafu akapaza sauti: "Rukia! Njoo utazame!"

Naye Rukia alikuja anaburuta ndara, mdomoni ana kitu anatafuna. Nakumbuka jioni moja nimesimama mlangoni na sinia tupu.

"Mwezi umetoka?" Baba akauliza.

"Nusu," Rukia akajibu kwa Kiingereza chake. "Kuna uchafu upande huu."

"Uchafu gani? Nimepitisha kitambaa mara tatu."

"Basi pitisha mara ya nne."

Sinia lilikaribia kunidondoka. Nilingoja kibao. Nilikijua kibao kile ingawa sikuwahi kupigwa, nilikijua kwa sababu nilikikwepa miaka yote kwa kusema ndiyo. Baba akamtazama Rukia, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akachukua kitambaa kutoka kwenye kopo langu, akapitisha mara ya nne. "Haya, kadhi wangu, tazama tena." Rukia akatazama. "Sasa sawa," akasema. Akapewa chaki.

Usiku ule sikuwa na hasira na Rukia kwa kuwa mkorofi. Nilikuwa na hasira kwa sababu ukorofi wake ulisamehewa. Niliona kwamba mapenzi ya Baba kwake yalikuwa makubwa hata utovu wa adabu uliingia humo ukapotea, kama jiwe kisimani. Mimi yangu ilibidi niyachote kikombe kwa kikombe. Kwa hiyo nikaongeza bidii. Nilipiga pasi kanzu yake ya Ijumaa kabla Mama hajaniambia. Nilijifunza kiasi cha tangawizi anachopenda. Akiuliza, "Leo kuna baridi, sivyo?" nilisema ndiyo nikaenda kuvaa sweta, hata kama jasho lilinitoka. Na chumbani, Rukia akiwa nje, nilichukua bomba la karatasi ya kufungia zawadi, nikasimama mikono nyuma, bomba nimelilaza juu ya kitabu, nikatazama dirisha kupitia humo. "Mwezi umetoka?" nilijiuliza kwa sauti nzito. "Umetoka, Baba," nilijijibu. Nilikuwa hodari sana wa kujibu hivyo.

Kilichonichoma kuliko vyote ni chaki. Rukia hakunawa. Alishika friji, alishika mto wangu, akaacha vidole vyeupe kila mahali, na kila alama ilinisemesha.

Basi ikaja jioni moja ya Ijumaa. Ami Athumani alikuwa amekuja mapema, pikapu iko nje, naye amesimama gerejini na kikombe cha chai akihadithia habari za mbuzi dume aliyemponyoka safari iliyopita. Baba alikuwa ametoka zamu asubuhi na hakulala, maana mchana kutwa alikuwa akishughulikia gari la Mama. Alipokuwa katikati ya kusafisha, ufito ukiwa ndani ya mtutu, simu ikalia. Mkulima alitaka kujua watafika saa ngapi. Baba akaongea naye, mkono mmoja una simu, mwingine unavuta ufito. Akamaliza. Akaiunga bunduki. Akachungulia.

"Ah," akasema. Akapangusa macho kwa kiwiko, akachungulia tena. "Kama nauona, kama siuoni. Macho yangu leo yana ukungu."

"Ni usingizi huo," akasema Ami Athumani. "Fanya haraka tule, ndugu yangu, nina njaa."

"Dada," Baba akaniambia, "niitie Rukia."

Niliingia ndani. Rukia alikuwa sebuleni, amelala kifudifudi juu ya zulia, miguu hewani, vipokea sauti masikioni, anatazama katuni. Alikuwa macho kabisa. Nilisimama ukumbini ambapo hakuniona, nikatazama nyayo za miguu yake zikicheza, nikahesabu polepole mpaka ishirini. Kisha nikarudi gerejini.

"Baba, Rukia amelala."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa Baba ninaoukumbuka, na ulitoka laini kama vile ulikuwa umejipaka mafuta kutoka kwenye kopo lake. Baba akanitazama. Nikaona anafikiri. Hata hilo liliniuma, kwamba alihitaji kufikiri.

"Haya. Njoo wewe basi."

Nikaweka mikono nyuma. Nilijua kusimama, nilikuwa nimefanya mazoezi. Harufu ya ndizi na mafuta ya taa ikanijaa puani. Baba akaielekeza bunduki ukutani, akasogeza taa, nami nikafumba jicho la kushoto nikasogea mpaka ubaridi wa chuma nikausikia kwenye kope.

Giza.

Nilisogea kidogo kulia. Giza. Nikatazama kwa jicho lingine. Giza lile lile, zito, kama shimo la sinki.

Jambo la kwanza nililofikiri si kwamba mtutu umeziba. Nilifikiri sijui kutazama. Kwamba mwezi uko pale, Rukia angeuona mara moja, na mimi, hata nikipewa nafasi, nitashindwa na watajua. Nyuma yangu Ami Athumani alifyonza chai.

"Mwezi umetoka, sivyo?" akauliza Baba.

Alisema sivyo. Kwa Rukia hakuwa akisema sivyo. Lakini alikuwa amechoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba jibu amalize akalale. Na maisha yangu yote jibu la swali kama hilo lilikuwa moja.

"Ndiyo, Baba. Umetoka."

"Alhamdulillahi." Akairudisha bolti, akajaribu usalama, akaifungia. Akachora mstari wake. Akanipa chaki.

Ningependa kuandika kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Nilichora mstari mrefu kuliko yote ya Rukia niliyopata kuiona, ulionyooka, na nilipomaliza sikuipangusa mikono. Nilikwenda sebuleni nikashika bega la Rukia, nikamwachia vidole vyeupe juu ya fulana yake nyeusi.

Akavua vipokea sauti. "Nani kakupa chaki?"

"Baba."

Akaangalia bega lake, akaniangalia mimi. "Lakini ile ni kazi yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilikula vizuri sana jioni ile.

Furaha hiyo ilikaa mpaka nilipolala. Nikiwa kitandani nikakumbuka kitu ambacho Baba alimwambia Ami Athumani zamani, Rukia aliposema kuna uchafu naye akamcheka: "Usimcheke. Mtutu ukiwa na kizuizi, risasi haina pa kwenda. Inampasukia aliyeishika." Nilikuwa nimeisikia kauli ile nikiwa nakata vitambaa, na siku ile ilinipa wivu tu, kwa sababu alimtetea. Sasa niliisikia upya. Niliona giza lile. Niliuona na uso wa Baba, shavu lake limelala juu ya kitako cha bunduki, karibu kabisa na chuma.

Nilijipa maneno. Macho yangu mabaya. Baba naye ametazama. Baba hawezi kukosea. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na jingine ambalo nalijua mpaka leo, kwamba nikisema, chaki itarudi kwa Rukia na haitakuja kwangu tena.

Adhana ya simu ya Baba ilipolia alfajiri, niliamka kabla yao. Kusema sikuweza, basi nikatafuta njia ya mtu asiyesema. Nilikwenda gerejini kwa vidole vya miguu, nikafuta mstari wangu kwa mkono wa sweta. Ukabaki mstari mmoja. Sheria ni sheria: mmoja, haitoki. Nikajificha jikoni, nikijidai nachemsha maji.

Baba alikuja baada ya kuswali. Nilimwona kupitia mlango ulio wazi nusu. Alisimama mbele ya sefu, akainamisha kichwa.

"Alama ya mtoto imefutika," akasema.

"Umande huo, au umeigusa na koti," akajibu Ami Athumani, aliyekuwa amelala kwetu. "Si jana mmetazama nyote wawili nami nipo?"

"Kweli." Akaokota chaki, akauchora mstari wangu upya kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akafungua sefu.

Sidhani kama kuna kitu kilichopata kuniuma kama mstari ule. Aliuchora vizuri, mrefu, umenyooka, kama alivyoniona mimi nikiuchora. Aliniamini hata nilipojiondoa.

Wakatoka nje. Kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Bunduki ilikuwa ndani ya mfuko wake, inafungiwa nyuma ya pikapu, risasi kwenye sanduku lake mbali nayo, na Ami Athumani amekwisha kuwasha injini. Nikatoka na ndara za Rukia kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu.

"Baba."

"Eeh, mwanangu. Rudi ndani, utapata mafua."

"Baba, mwezi sikuuona."

Akacheka kidogo. "Mwezi gani asubuhi hii?"

"Wa jana. Nilisema nimeuona. Sikuuona. Kulikuwa giza."

Ami Athumani akatoa kichwa dirishani. "Huyo yuwaota. Twende, jua litatuwahi."

Baba alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama, na mimi, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikuinamisha macho. "Zima gari," akasema.

Akairudisha bunduki gerejini, akaiweka juu ya meza, akachomoa bolti, akawasha taa. Nilisogea mezani nikaweka mikono nyuma. Nilidhani ataniita. Nilikuwa nimesema kweli. Nilikuwa nimeinunua nafasi yangu. Lakini Baba aligeuza kichwa kuelekea ndani ya nyumba akaita, "Rukia! Amka! Njoo utazame!"

Rukia akaja na pajama, macho nusu yamefumba, shavu lina alama za mto. Akaweka mikono nyuma bila kuambiwa. Akatazama kwa muda ambao haukufika hata pumzi moja.

"Hakuna mwezi," akasema. "Giza totoro." Kisha akageuka akarudi kulala.

Baba akachukua ufito, akausukuma taratibu. Ulikwama katikati. Akaongeza nguvu, na mbele ya mtutu kikachungulia kipande cha kitambaa, kimekunjamana, cheusi kwa mafuta. Akakivuta akakikunjua juu ya mkeka. Kilikuwa cha mraba sawasawa, kimekatwa kwa rula, kina mstari wa bluu wa shati langu la shule la zamani.

Ami Athumani akasema, "La ilaha illallah," akaketi juu ya kopo la rangi. Kikombe chake cha jana kilikuwa bado sakafuni. Akakisukuma kwa mguu kama kitu kilichomkosea.

Nami, Mungu anisamehe, nilichokuwa nikikiwaza nikiwa nimesimama pale karibu na kile kitambaa si kifo cha Baba kilichokuwa kimepita karibu. Nilikuwa nikiwaza kwamba kusema "giza" kulikuwa haki yangu. Mimi ndiye niliyekwenda nje kwenye baridi. Rukia alilichukua neno langu usingizini, akalisema bila shida, akaenda zake.

Baba alinawa mikono muda mrefu. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, magoti yakalia.

"Kwa nini jana ulisema umetoka?"

Nilitafuta jibu refu. Nikapata fupi. "Wewe ulisema sivyo."

Akajipangusa uso kwa kiganja, kutoka paji mpaka kidevu. "Ni kweli," akasema. "Nilisema."

"Unadhani namwita Rukia kwa nini?" akauliza baadaye.

Nilitikisa kichwa, lakini nilijua. Machozi yalikuwa yamekwisha kuanza. "Kwa sababu ni wako."

"Wangu?" Akashangaa kweli. "Na wewe wa nani? Wa Ami Athumani?"

"Simtaki, analia sana," akasema Ami Athumani kutoka kwenye kopo la rangi.

"Namwita Rukia kwa sababu hana adabu," Baba akasema. "Nikimwambia nyeupe, yeye nyeusi. Nikimwambia nimesafisha, ananiambia rudia. Wewe, Dada, nikikwambia usiku huu ni mchana, utakwenda kuniletea miwani ya jua. Nyumba inataka mtoto kama wewe. Lakini kazi hii haitaki adabu. Inataka mtu wa kuniambia hapana."

Niliyasikia maneno hayo yakipita juu ya kila kikombe cha chai na kila kanzu niliyoipiga pasi. Ile adabu niliyosifiwa nayo, niliyodhani ndiyo ngazi yangu ya kumfikia, ndiyo iliyokuwa imeniweka nje ya mlango. Na ni nani aliyenifundisha, Baba? Swali hilo lilinijia likiwa kamili. Sikuliuliza. Nilisema, "Ndiyo, Baba," naye akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikalia.

Hawakwenda shambani siku ile. Alasiri, Rukia alipokwisha kusimuliwa, alikuja chumbani akaniuliza kama Baba angekufa. Nikasema labda. Akapanda kitandani kwangu na miguu yake ya baridi. Hakuniuliza ilikuwaje mimi nikaitwa na si yeye, nami sikumwambia.

Kazi ilirudi kwake na ikabaki kwake. Ukitegemea kusikia kwamba Baba alinifundisha, nami nikawa shahidi wa pili na wa tatu, hapana. Aliendelea kumwita Rukia kwa miaka, mpaka Rukia alipohamia Campbelltown, mbali na nyumbani, kusomea uuguzi, na mimi niliendelea kukata vitambaa na kumwonea wivu. Kuelewa sababu hakukuuondoa wivu. Kuliupunguza makali tu, kama kisu unachokijua kinapokatia. Kitu kimoja kilibadilika: Baba hakuniuliza tena swali lolote lenye sivyo mwishoni. Aliuliza, "Kuna baridi?" akangoja. Ilinichukua mwaka mzima kumwambia, "Mimi naona joto."

Ukungu ule wa macho ya Baba haukuwa usingizi. Ulikuwa presha ya macho, ilikuwa imeanza siku zile zile na sisi sote tukaisingizia zamu za usiku. Jicho la kulia sasa linaona vivuli. Mwezi uliopita alisema mwenyewe kwamba mtu asiyeuona mwezi hana haki ya bunduki, akakubaliana bei na mwenye duka la silaha. Asubuhi ya kuipeleka aliisafisha kwa kupapasa, akaiunga, akaielekeza ukutani, akawasha taa.

"Dada," akaita. "Njoo utazame."

Nilikuwa na sinia mkononi. Nililiweka chini. Nikaweka mikono nyuma, mwanamke mzima, nikafumba jicho la kushoto. Na nikauona. Baada ya miaka yote hiyo ya bomba la karatasi, nikauona mwezi, mdogo, mweupe, mviringo kamili, mbali mwishoni mwa chuma. Pembeni yake kulikuwa na unyuzi mmoja wa kitambaa.

"Umetoka?" akauliza Baba. Jicho lake zima lilikuwa limenikazia.

Bunduki ilikuwa inakwenda kuuzwa. Unyuzi ule haukuwa na dhara kwa mtu yeyote. "Hapana, Baba," nikasema. "Una doa. Pitisha tena."

Alipapasa ndani ya kopo la biskuti, akachukua kitambaa, akapitisha tena, na nikaona mdomo wake unajizuia kucheka. Nikatazama mara ya pili, nikasema sawa. Akachora mstari wake, umepinda sana. Nikachora wangu.

Jioni nilimpigia Rukia kumwambia imekwenda saa tano asubuhi, na kwamba mimi ndiye niliyetazama mara ya mwisho. Nilitegemea atacheka.

"Hamkuweza kuningoja?" akasema. Kwa Kiswahili, na kwa ile sauti ndogo ya zamani. "Ile ilikuwa kazi yangu."

Nilikuwa nimeungoja wivu huo maisha yangu yote, na ulipofika nikakuta sina pa kuuweka.

"Nilimwambia Baba umelala," nikasema.

"Saa tano asubuhi? Nilikuwa darasani."

"Si leo, Rukia," nikamwambia. "Siku ile."